Kifaa Kimekamilika, Mnunuzi Yuko Wapi?

Mabibi na mabwana, ndugu zangu mnaobuni vitu kwa akili na mikono yenu, asanteni kwa kufika. Nitaanza na jicho.

Jicho la mwanadamu halitulii. Mwambie mtu akodolee nukta moja bila kupepesa, mboni itaendelea kuchezacheza, kidogo sana lakini bila kukoma. Kwa daktari anayechonga konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, kwa leza ili mgonjwa aachane na miwani, kuchezacheza huko ni hatari. Sasa, kule Marekani, mjini Orlando, kulikuwa na kampuni ndogo iitwayo Autonomous Technologies, iliyofanya utafiti wa rada ya leza kwa fedha za Wizara ya Ulinzi, upande wa kujikinga na makombora. Kazi ya rada ya namna hiyo ni kuing'ang'ania shabaha inayokwenda kasi isiiponyoke. Wakang'amua kwamba jicho nalo ni shabaha ya aina hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mashine yao iliingia kwenye vyumba vya upasuaji, ikitafuta mahali jicho lilipo mara 4,000 kwa sekunde na kuielekeza leza ilifuate.

Fedha hizo zilitoka kwenye SBIR, mpango wa serikali ya Marekani wa kugharimia utafiti wa kampuni ndogo, ambao ndio mada yetu leo. Mbegu yake ilipandwa mwaka 1977 na Roland Tibbetts, aliyekuwa mtumishi wa Shirika la Taifa la Sayansi. Mwaka 1982 Bunge la Marekani likaufanya sheria na Rais Reagan akatia saini. Kila idara ya serikali ya shirikisho inayotumia zaidi ya dola milioni 100 kwa mwaka kwa utafiti unaofanywa na watu wa nje ililazimika kutenga sehemu kwa ajili ya kampuni ndogo, yaani zenye wafanyakazi wasiozidi 500. Walianza na asilimia 0.2. Tangu mwaka wa fedha 2017 sehemu hiyo ni asilimia 3.2. Hata Qualcomm, kampuni kubwa ya chipu za simu, ilipokuwa bado changa San Diego ilipata fedha hizi.

Mpango una awamu tatu. Ya kwanza ni kama miezi sita: onyesha kwamba wazo linawezekana. Ya pili ni kama miaka miwili: tengeneza kielelezo kinachofanya kazi. Ya tatu ni kukiuza, jeshini au sokoni. Na hapa naomba mnisikilize vizuri, maana wengi hulisoma hili bila kulielewa: awamu ya tatu haina fedha za SBIR. Hata senti moja. Ilipangwa hivyo tangu mwanzo. Serikali inakushika mkono mpaka mlangoni, kisha inakuachia.

Wamarekani hutumia neno "bonde la mauti" kwa kipindi kile cha kati ya awamu ya pili na ya tatu. Wengi hudhani kampuni hufia bondeni kwa sababu kifaa chao ni kibovu. Nimeufuatilia mpango huu kwa miaka, na naamini kinachoua mara nyingi zaidi ni kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali ya Marekani huanza tarehe 1 Oktoba, na majeshi huanza kuandaa makadirio yao takriban miaka miwili kabla. Afisa akikiona kifaa chako siku ya mwisho ya awamu ya pili, akakipenda kwa dhati, fedha atakazoziomba leo zitafika baada ya miaka miwili, tena kama Bunge litapitisha bajeti kwa wakati. Wewe una mishahara mwisho wa mwezi. Mhandisi wako bora anapigiwa simu na kampuni kubwa. Chelewachelewa, utamkuta mwana si wako.

Kwa hiyo mnunuzi atafutwe lini? Wakati wa awamu ya kwanza, kielelezo kikiwa bado ni michoro. Na mjue mnamtafuta nani. Aliyeandika mada ya utafiti iliyotangazwa, mliyoiombea fedha, mara nyingi ni mwanasayansi wa maabara ya jeshi. Atakayekitumia kifaa ni askari au baharia. Mwenye fungu la kununulia ni mtu wa tatu, meneja wa mradi wa ununuzi, aliyekaa ofisi nyingine kabisa na huenda hajawahi kusikia jina lenu. Kampuni nyingi humfurahisha yule wa kwanza kwa miaka miwili na nusu, na hazimfahamu wa tatu.

Jeshi la Anga lilijaribu kuharakisha mambo. Machi 2019, mjini New York, liliziita kampuni zije kujieleza jukwaani, na 51 zikapata mikataba yenye jumla ya dola milioni 8.75, nyingine zikilipwa ndani ya dakika chache kwa kadi ya benki ya serikali. Lilikuwa jambo jema na nalipongeza. Ila lililofupishwa ni foleni ya kuingilia. Foleni ya kutokea ilibaki vilevile.

Nani basi alivuka vizuri? Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa nyambizi. Baada ya Vita Baridi, Jeshi la Majini la Marekani liligundua kwamba ubora wake wa kusikia chini ya maji unapungua, na bajeti nayo inakatwa. Mitambo yake ya sona ilitegemea kompyuta zilizotengenezwa maalumu kwa jeshi, ghali na nzito kubadilisha. Kampuni ndogo ya Virginia, Digital System Resources, ilitumia fedha za SBIR kutengeneza prosesa inayotumia kompyuta za kawaida za sokoni. Siri yake ilikuwa tabaka la programu lililotenganisha hesabu za sona na mashine yenyewe: soko likileta chipu yenye nguvu zaidi, unabadilisha mashine, hesabu zinabaki. Jeshi likaukubali mfumo huo kwa nyambizi zake kwa mikataba ya awamu ya tatu. Angalieni kwamba hapa teknolojia ya biashara ndiyo iliyoingia jeshini, kinyume na lile jicho la Orlando. Mwaka 2003 General Dynamics ikainunua kampuni hiyo.

Mikataba hiyo iliwezekana kwa sababu ya silaha moja ambayo sheria inawapa wadogo. Kazi ikiwa inatokana na awamu mlizokwisha kufanya, au inaziendeleza, idara yoyote ya serikali inaweza kuwapa mkataba bila kutangaza zabuni upya. Ushindani unahesabiwa kwamba ulikwisha kule mwanzo. Kiwango cha fedha hakina kikomo. Afisa anayehangaika na urasimu akielezwa hili kwa upole, uso wake hung'aa.

Pamoja na hilo kuna haki za data. Kwa miaka 20 serikali inaweza kutumia data zenu za kiufundi kwa kazi zake, lakini haina ruhusa ya kumpa mshindani wenu. Sharti lake ni dogo na linaumiza: kila mchoro na kila ripoti mnayokabidhi iwe na maandishi ya haki hiyo. Ukikabidhi bila alama, umejiweka pabaya mno. Mkabidhini mtu mmoja kazi hiyo, na asiwe mwanafunzi wa mafunzo ya muda.

Kwa wanaotaka kuuza pia nje ya Marekani: andikeni tangu siku ya kwanza kwamba kifaa kimekusudiwa jeshi na raia. Nyaraka za wakati huo zina uzito pale inapoamuliwa kama ni zana ya kivita inayohitaji leseni ya Wizara ya Mambo ya Nje.

Nimeletewa swali kwa karatasi hapa: je, idara ikiwapa kampuni kubwa kazi iliyozaliwa na utafiti wetu? Sheria inaitaka idara iwape ninyi kipaumbele kadiri inavyowezekana, na ikitaka kwenda kwingine iiarifu SBA, taasisi inayosimamia biashara ndogo, ambayo ina uwezo wa kukata rufaa. Kwa hiyo mkisikia fununu tu, waandikieni SBA wiki hiyohiyo, mkiambatanisha nambari za mikataba yenu ya awamu ya kwanza na ya pili, kabla mwingine hajatia saini.