Kabari Kwanza, Foklifti Baadaye

Ndugu zangu wasimamizi wa maghala, nimeshayasema haya Kurasini, nimeyasema Vingunguti, na bado tela zinapakuliwa magurudumu yakiwa wazi, bila kabari za kuyazuia yasibiringike. Basi leo narudia.

Foklifti, ile mashine ya kunyanyulia mizigo, ya kubeba tani 2.5 yenyewe ina uzito wa karibu tani 4. Ikibeba mzigo wake kamili, zaidi ya tani 6 zinaingia ndani ya tela. Dereva akishika breki mle ndani, anaisukuma tela mbele. Akikanyaga mafuta kurudi nyuma, anaisukuma mbele tena, kama mtumbwi usiofungwa unavyorudi majini mtu anaporuka gatini. Safari moja huoni kitu. Paleti ya ishirini, yaani chaga ya ishirini ya mzigo, lile bati la chuma linalounganisha ghala na tela limebaki limeshikilia ncha tu. Paleti inayofuata, bati linadondoka, na foklifti nalo.

Najua mtaniambia: lori lina hendibreki. Tela ngapi zinazokuja kwenu breki zake mmezikagua? Na hata ikiwa nzima, hendibreki haimzuii dereva wa lori kuondoka. Utingo amepiga bodi kumwita mwenzake, dereva anadhani mzigo umekwisha, anawasha gari, foklifti ipo ndani! Ndiyo maana nasema kabari mbili, na ufunguo wa lori ukae kwa msimamizi mpaka foklifti itoke. Kabari ni kipande cha mpira mgumu. Haiwezekani kampuni yenye malori ikashindwa kununua vipande viwili vya mpira.

Mwingine atasema dereva wa foklifti ni mzembe. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 imemtwisha mwajiri wajibu wa kulinda watu wake. Uzembe wa kutokuweka kabari ni wa nani?

Mengine nayataja tu, muda umebana. Foklifti hukata kona kwa magurudumu ya nyuma, kwa hiyo mkia wake humgonga kibarua aliyesimama pembeni akidhani yuko salama. Asiruhusiwe mtu kupanda kwenye meno yake ya kunyanyulia mzigo. Na ikianza kupinduka, dereva asiruke: wanaoruka ndio wanaobanwa na paa lake. Afunge mkanda tangu mwanzo, ashike usukani kwa nguvu, aegemee upande ulio kinyume na inakoangukia.

Sasa, wenye kabari magodauni kwao wanyooshe mikono. Tuanze maswali na hao ambao hawajanyoosha.