Lifti ya trekta ikigoma, usikimbilie pampu

Ndugu madereva na mafundi, nianze na la kuudhi: pampu nyingi mnazonunua hazikuhitajika. Mikono ya nyuma ya lifti ikishindwa kuinua rotaveta (kifaa cha kulimia chenye visu vinavyozunguka), mtu anasema "pampu imekufa," na safari ya dukani inaanza. Hata oili hajaangalia!

Kwenye trekta ndogo nyingi, oili ya gia boksi ndiyo hiyohiyo ya lifti. Pampu inaivuta kupitia filta, inaisukuma kwenye valvu inayoongozwa na leva yako, kisha inaingia kwenye silinda na kusukuma pistoni. Pampu ni kituo kimoja tu njiani.

Pima oili trekta ikiwa mahali tambarare, injini imezimwa, mikono imeshuka. Ukipima mikono ikiwa juu, oili nyingine imo ndani ya silinda. Utadhani imepungua, utajaza kupita kiasi. Halafu itazame rangi. Ikiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia, na ninyi mnaolima majaruba ya mpunga hilo mnalijua. Ikiwa na povu, kuna hewa inavutwa, mara nyingi kwenye bomba la kuvutia: oringi (pete ya mpira ya kuziba) imechoka au klipu imelegea. Pampu ikipiga kelele nyembamba huku lifti inapanda kwa kusuasua, fungua filta kwanza. Filta ni bei ndogo, jamani.

Kama mikono inapanda mitupu lakini inakataa mzigo, presha inapotea mahali. Hapo weka geji ya kupima presha, usibahatishe. Na ikiwa asubuhi inainua vizuri, mchana inalegea, shuku vipuri vilivyolika, kwa sababu oili ya moto ni nyepesi na hupenya penye uwazi.

Sasa ugonjwa ninaoupenda mimi: rotaveta imening'inia, injini inanguruma, na rotaveta inacheza yenyewe, inashuka kidogo, inapanda, inashuka tena. Pampu hapo haina kosa, maana kila ikishuka inairudisha juu. Kuna oili inayovuja kwa ndani. Wapi? Chini ya kiti, trekta nyingi zina kirungu cha kuzungusha, cha kupunguza kasi ya kushuka. Inua mzigo, kifunge kabisa, zima injini, simama kando utazame. Mzigo ukitulia, uvujaji uko upande wa valvu ya leva. Ukiendelea kushuka, shuku sili ya pistoni (mpira unaozuia oili isipite), au valvu ya usalama ya silinda. Umejua pa kufungua kabla hujashika spana. (Kirungu hichohicho ndicho mtu hukifunga aende barabarani, akasahau, kisha analalamika lifti haishuki.)

Usiingie chini ya kifaa kilichoinuliwa na lifti peke yake, hata kwa kuokota nati. Kishushe chini, au kiegemeze kwenye stendi imara. Bomba likivuja, usilipapase kwa kidole. Pitisha kipande cha boksi. Oili yenye presha hupenya ngozi kwa tundu dogo lisilouma sana mwanzoni, na mwenye jeraha hilo apelekwe hospitali saa hiyohiyo, asisubiri kesho.

Haya, tutoke nje. Trekta iko tayari, mikono imeshushwa. Nani anapima oili?