Jiko la Gesi Linatoa Masizi? Tulifungue, Tulisafishe, Tulirekebishe

Karibu. Jiko unaloliona mbele yako lina vichomeo vinne juu na oveni chini, na kwa makusudi sijaligusa kwa wiki sita, maana sikutaka kukuonyesha kazi kwenye jiko linalong'aa. Kichomeo cha mbele kulia kinawaka njano. Cha mbele kushoto kinatoa moto upande mmoja. Cha nyuma kulia ukikibonyeza kinalia tik tik tik, hakiwaki. Cha nyuma kushoto ndicho kizima, na hicho tutakitumia kulinganisha.

Spana iache kwanza. Zima taa ya jikoni, washa vichomeo vyote, kisha utazame moto wenyewe. Wengi wakiona jiko limesumbua hukimbilia kufungua nati, na hapo ndipo wanapoharibu kilichokuwa kizima. Moto ndio unaokwambia shida iko wapi.

Tazama hiki kizima. Rangi ni ya buluu, kila tundu lina koni ndogo iliyokoza, miali imetulia na haina kelele. Sasa njoo kwenye hiki cha njano. Ncha zake ni ndefu, zinapepea, na nikiweka sufuria dakika mbili nikaigeuza, ona, masizi. Njano inayokaa maana yake gesi inaungua nusunusu kwa sababu hewa haitoshi. Moto wa namna hii hutoa pia kaboni monoksaidi, hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu, na inaua watu wamelala. Kwa hiyo usione masizi ukadhani kazi ni kusugua sufuria tu.

Ila usitishwe na kila njano. Kama maji ya chumvi yamefurika, au umetoka kufagia na vumbi limetanda, utaona vimulimuli vya rangi ya chungwa vinapita katikati ya buluu kisha vinapotea. Hizo ni chembe za chumvi na vumbi zinaungua. Ziache.

Kuna na moto unaovuma kama upepo na kuruka juu ya matundu bila kuyagusa. Hapo hewa imezidi, au presha ni kubwa. Kama vichomeo vyote vinafanya hivyo na unatumia mtungi, mshuku regulata, kile kifaa cha mdomoni mwa mtungi kinachopunguza presha ya gesi. Regulata haifunguliwi nyumbani wala haigongwigongwi, inabadilishwa.

Sawa, tumeona. Sasa funga gesi kwenye mtungi, au kwenye koki ya ukutani kama ni ya bomba. Usizime kichomeo kwanza: acha kimoja kiendelee kuwaka hadi kijizime chenyewe, ili gesi iliyobaki kwenye mpira iishe. Jiko likiwa na waya wa umeme, chomoa. Fungua dirisha na mlango. Halafu subiri nusu saa lipoe. Vyuma hivi vinaunguza hata vikionekana vimepoa.

Wakati tunasubiri, neno moja juu ya harufu. Gesi ya mtungi ni propeni na buteni, na zote mbili ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi, inatambaa sakafuni na kujaa kwenye pembe na chini ya makabati. Ndiyo maana nimesema mlango, si dirisha la juu peke yake. Gesi asilia ya bomba ni metheni, nyepesi, yenyewe hukimbilia darini. Harufu kali unayoijua imewekwa kusudi ili pua ikuambie, kwa sababu gesi yenyewe hainuki. Ukiisikia, funga gesi, usiguse swichi ya umeme, si kuwasha wala kuzima, toa watu nje, na simu piga ukiwa nje.

Limepoa. Piga picha kwanza, zitakuokoa baadaye. Toa vyuma vya kuwekea sufuria, kisha kofia za vichomeo, kisha vichwa vyenyewe, ile sehemu yenye matundu pembeni. Vipange juu ya kitambaa kwa mpangilio uleule viliokuwa nao jikoni. Vinaonekana kufanana lakini havifanani; kofia ikikaa upande hata kidogo, moto unatoka upande mmoja. Na angalia hapa, cha mbele kushoto ambacho kilikuwa kinawaka nusu, kofia yake haikuwa imekaa kwenye kijino chake. Hiyo ndiyo ilikuwa shida yote! Ningeita fundi, angeigeuza kwa vidole viwili.

Loweka kwenye maji ya moto yenye sabuni ya vyombo, dakika ishirini au thelathini. Vichwa vingi ni vya aluminiamu, kwa hiyo kostiki soda hapana kabisa, na dawa za oveni zenye kostiki pia hapana. Kostiki inakula aluminiamu, na chombo kitatoka cheusi chenye vishimo. Stilwaya itumie kwenye vyuma vya sufuria vikiwa havina rangi ya enameli, si kwenye vichwa. Mswaki wa zamani unatosha. Kila tundu lililoziba lipitishie waya wa klipu ya karatasi, ukichokoa taratibu. Njiti ya meno usitumie, inakatikia ndani.

Ukimaliza suuza, kung'uta, na ukaushe sawasawa. Tone moja la maji ndani ya tundu litakudanganya baadaye kwamba jiko bado bovu.

Tuje kwenye jeti. Sogea karibu. Chini ya pale kichwa kilipokaa kuna kikombe, na ndani yake kuna kitu kidogo cha shaba nyeupe chenye tundu jembamba katikati. Gesi yote ya kichomeo hiki, kile cha njano, inapita hapo. Pembeni mwake mara nyingi kuna namba, na namba hiyo kwa kawaida ni upana wa tundu kwa sehemu za mia za milimita. Hii yangu imeandikwa 65, yaani milimita 0.65. Kichomeo kikubwa kina namba kubwa, kidogo kina ndogo, kwa hiyo usizichanganye. Na kama umehama kutoka mtungi kwenda gesi asilia ya bomba, au kinyume chake, jeti zote hubadilishwa, kwa sababu za mtungi zina tundu dogo zaidi. Jeti ya gesi asilia ikiungwa kwenye mtungi utapata moto mrefu wa njano ambao hakuna usafi utakaouondoa.

Nafungua kwa spana boksi namba 7, ambayo ndiyo saizi ya majiko mengi. Inua mwangani, funga jicho moja. Unaona mwanga wa duara safi? Huo ndio mzuri. Huu wangu umekatwa kama mwezi mchanga, kuna mafuta yameganda. Natia kwenye maji moto yenye sabuni, napuliza kutoka upande wa nyuma, halafu napitisha uzi mmoja wa shaba niliouchomoa kwenye waya wa umeme. Mmoja tu, na bila kuzungusha.

Sindano? Hapana. Mara ya kwanza nilipofanya kazi hii nilichukua sindano ya kushonea, nikaisukuma kwa nguvu, nikajiona fundi. Shaba ni laini, chuma ni kigumu. Nilipanua tundu kidogo sana, hata kwa macho hukuona, lakini kichomeo kile kilitoa moto wa njano mwezi mzima hadi nilipokubali kununua jeti mpya.

Rudisha jeti kwa vidole kwanza hadi ishike vizuri, kisha malizia kwa spana, kaza kiasi tu. Utepe mweupe wa mabomba usiweke hapa. Kipande chake kikikatika kinaziba tundu lilelile ulilolisafisha.

Sasa hewa. Jeti inarusha gesi kwa kasi ndani ya mrija, na kasi hiyo inavuta hewa kutoka pembeni, vinachanganyika kabla ya kufika kwenye matundu. Ni ujanja uleule wa taa ya maabara ambayo Robert Bunsen na fundi wake waliitengeneza Heidelberg mnamo 1855, ile tuliyoitumia kwenye masomo ya kemia. Mrija ukiziba, hewa inakosekana, moto unakuwa njano. Na unajua nani anapenda mrija huu? Buibui. Jiko likikaa bila kutumika, anafuma ndani humo. Pitisha brashi ndefu ya chupa, ukitoa na kuingiza. Majiko mengine yana kizibo kidogo cha kuzungusha kwenye mdomo wa mrija, kimefungwa kwa skrubu: legeza, fungua kidogo ikiwa moto ni njano, funga kidogo ikiwa unaruka, kisha kaza. Jiko lako likiwa halina, usilitafute, si yote yanayo.

Twende kwenye kile kinacholia tik tik bila kuwaka. Hii nyeupe inayosimama kando ya kichomeo ni kiwasha cheche, porseleni yenye ncha ya chuma. Ifute kwa kitambaa kikavu, ncha ipitishie msasa laini. Itazame vizuri kama porseleni ina ufa, maana cheche itapitia kwenye ufa badala ya kurukia kichomeo. Nafasi kati ya ncha na kichomeo iwe milimita 3 hadi 5 hivi. Ya kwangu haina ufa, ilikuwa na ganda la mafuta tu. Kama hakuna mlio kabisa, na jiko lako linatumia betri, badilisha betri kabla ya kuwaza lolote. Na likilia bila kukoma baada ya kusafisha, ni unyevu umeingia kwenye swichi chini ya nobu. Liache likauke usiku kucha.

Kichomeo kinachowaka kisha kinazima ukiachia nobu, hicho ni kingine. Tafuta kijiti cha chuma kinachoguswa na moto, themokapo. Kikipata joto kinazalisha umeme mdogo sana, milivolti ishirini au thelathini hivi, na huo ndio unaoshikilia vali wazi. Moto ukizimika kinapoa, vali inafunga, gesi haivuji. Kwa hiyo ndiyo maana unashikilia nobu sekunde kumi baada ya kuwasha. Kikiwa na masizi, kisugue kwa msasa laini, hakikisha ulimi wa moto unakigusa kweli. Kikiendelea kukataa, kibadilishwe. Tafadhali usikubali mtu akushauri kukiunganisha moja kwa moja ili "kisisumbue". Hicho ni kifaa cha kukulinda, na kukizima ni kama kuondoa breki kwa sababu zinapiga kelele.

Oveni nitapita haraka, mambo ni yaleyale: toa sahani ya chini, kagua kichomeo kirefu, safisha matundu, angalia themokapo. Mpira wa mlango ukiwa umekatika joto linatoroka, na huo unabadilika bila spana. Kidhibiti joto cha oveni sikigusi, na wewe usikiguse.

Mpira wa gesi sasa. Ukunje taratibu huku ukiutazama kwa karibu. Mpasuko mdogo, ugumu, uvimbe, harufu ya kuungua: tupa. Mpira mwingi umechapwa tarehe. Ikiwa imefutika au hujui umekaa miaka mingapi, uhesabu umezeeka. Mpira usipite nyuma ya oveni moto, usibanwe na mtungi, usikunjwe kama mkia. Na uufunge kwa klipu za chuma pande zote mbili, si waya wala utepe. Ukifungua nati ya regulata kwenye mtungi ukaona haitoki, kumbuka kwamba nyingi hugeuzwa kinyume: kukaza ni kushoto. Na mtungi usimame wima siku zote. Ukiulaza, gesi iliyo maji inaingia kwenye regulata, na inapogeuka hewa hujaa nafasi kubwa mara mia mbili na zaidi.

Hatua ya mwisho kabla ya moto. Changanya sabuni ya maji na maji, nusu kwa nusu. Nobu zote zikiwa zimefungwa, fungua gesi. Paka povu kwenye regulata, kwenye kila kiungo, urefu wa mpira, na pale unapoingia jikoni. Tazama dakika nzima, usiwe na haraka. Povu likivimba na kukua, panavuja. Funga gesi, kaza klipu, rudia. Likiendelea kuvimba baada ya mara mbili, hapo umefika mwisho wa kazi yako, ni zamu ya fundi mwenye leseni. Kibiriti kisitumike kamwe kutafuta uvujaji, hata kwa sekunde. Vali zilizo chini ya nobu nazo hazifunguliwi nyumbani: zikiwa ngumu zinahitaji grisi maalumu, na ukizirudisha vibaya zitavuja mahali usipopaona.

Tayari. Gesi wazi, zima taa, washa. Mbele kushoto, mzunguko mzima. Nyuma kulia, cheche ya kwanza tu. Mbele kulia, buluu... ngoja, kuna ncha moja ya njano hapa pembeni. Usikimbilie jeti. Subiri kidogo. Ni lile tone la maji, limekauka, na mwali umerudi buluu.