Referee na guarantor: mdhamini yupi unayemtaka?

Haya jamani, habari zenu. Leo niko jikoni, wali uko motoni, mnivumilie. Nimewasha kamera kwa sababu kila video mnaniuliza lile lile: “Dada, referee na guarantor si wote ni mdhamini?” Na kabla hamjaanza kusema najidai, Kiingereza hichohicho ndicho kilichoniumbua.

Nyumbani neno ni moja. Kwenye CV wadhamini watatu, mahakamani mdhamini, fomu ya mkopo wa chuo mdhamini. Referee mimi nilimjua yule mwenye filimbi. Sasa 2022, hapa Leicester, Uingereza, natafuta chumba. Nikamwendea mzee mmoja wa kanisani, shikamoo, baba, naomba uwe mdhamini wangu. Akasema hilo dogo, mwanangu. Nikaandika jina lake kwenye kisanduku cha guarantor.

Siku mbili hazijapita, simu. Dalali anamtaka slipu za mshahara za miezi mitatu, na asaini kwamba nisipolipa kodi atalipa yeye. “Mwanangu, mimi nilijua naulizwa tabia yako!” Na kweli, anayeulizwa tabia ndiye referee. Anasema anavyokufahamu, basi, mfuko wake hauguswi. Guarantor ni mfuko. Tena mkiwa mmepanga wengi kwa mkataba mmoja, usome vizuri, maana anaweza kudaiwa hata kodi ya mwenzako aliyetoroka.

Chumba nilikipata kwa kulipa miezi sita kwa mkupuo, utadhani niko Sinza, Dar es Salaam. Hela yenyewe nilikuwa nimeiweka ya viza. Na mwezi huohuo nyumbani naambiwa siku hizi nina maringo, situmi kitu. Tuyaache.

Hayo ni yangu mimi. Mwingine anapata mwenye nyumba asiyeuliza guarantor kabisa, usije ukasema dada alisema.

Sasa nyie wa “nidhamini nije huko”: hilo ni neno jingine tena, sponsor, na kwa viza ya kazi hapa Uingereza ni mwajiri mwenye leseni ya serikali. Mimi hata nikitaka siwezi. Si roho mbaya.

Ukihitaji referee, niandikie, nitakusemea vizuri, ilimradi nakufahamu. Guarantor, mnisamehe. Yule mzee mpaka leo ananipungia mkono kwa mbali. Ngojeni, wali unaungua.