Gia Haiingii: Tazama Mguu wa Mtoto Kabla ya Kupasua Injini

Mhadhara kwa wazee na mafundi vijana, Chake Chake, Pemba

Assalamu alaykum. Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mlioziacha gereji zenu kuja kunisikiliza, karibuni. Nimeombwa nizungumze juu ya pikipiki za watoto, zile ndogo za mchangani, na khasa maradhi ya gia. Sababu mnaijua. Sikukuu imemalizika, watoto wamezikimbiza viwanjani na pwani siku nne mfululizo, na sasa kila gereji ina vipikipiki vitatu vinne vimeegeshwa ukutani. Ukimuuliza mzee kipikipiki kimepatwa na nini, jawabu ni moja: "Gia inasumbua."

Sasa hilo si jina la ugonjwa. Ni kama mtu kufika hospitali akamwambia daktari "mwili". Mwili una nini? Kwa hiyo mimi simsikilizi baba, namwita mtoto. Mtoto atakwambia maneno ambayo baba hayajui. Atasema "haiingii", au "inaingia inatoka", au "inanguruma haendi", au "nikiikanyaga hairudi juu". Hayo ni maradhi manne mbalimbali, na matatu kati yake mara nyingi huwa nje ya sanduku la gia.

Nianze na aibu yangu. Miaka ya nyuma nililetewa pikipiki ya cc 110 ya mtoto wa miaka tisa. Gia haiingii hata moja. Mimi fundi niliyekulia kwenye vespa, nikajiambia hii imevunjika meno ndani. Nikashusha injini, nikaipasua nusu mbili, nikatazama gia: zinang'ara kama sahani za harusi. Gasketi zote zimechanika wakati wa kufungua, Pemba nzima hazipo, nikaagiza Unguja na kusubiri boti Mkoani. Siku nane. Nilipofunga kila kitu nikarudishia pedali ya gia, nikaona inazunguka yenyewe juu ya shafti yake. Yale meno membamba ya ndani ya pedali yalikuwa yamesagika. Pedali inakwenda, shafti imelala. Ningekaza boliti moja kwa spana namba 10, au nikanunua pedali nyengine, mtoto angeipanda siku ile ile. Mzee yule sikumtoza hata senti, na mpaka leo tukikutana msikitini hucheka peke yake.

Tangu siku hiyo kanuni yangu ni kutoka nje kwenda ndani. Lakini ili muelewe kwa nini, lazima kwanza tuijue klachi ya mashine hizi, yaani kile kinachoishikisha injini na gia au kuziachanisha, maana hapo ndipo mafundi wengi wa kwetu tunapopotea.

Vespa zetu za zamani gia unazungusha kwa mkono wa kushoto, na klachi iko pale pale mkononi. Bodaboda ina klachi mkononi na gia mguuni. Pikipiki nyingi za watoto, Honda CRF50F yenye gia tatu, CRF110F yenye gia nne, na hizi za Kichina zilizofuata mtindo huo, hazina klachi ya mkono kabisa. Injini zao ni wajukuu wa Honda Super Cub iliyotoka mwaka 1958, pikipiki ambayo kufikia mwaka 2017 zilishatengenezwa milioni 100. Wajapani waliifanya hivyo ili mtu aweze kuendesha huku mkono mmoja umeshika mzigo.

Ndani mna vizito. Injini ikizunguka polepole vimelala, klachi imeachia, pikipiki imesimama hata ikiwa ndani ya gia. Ukitia resi, vinatupwa nje kama jiwe kwenye teo, vinabana pleti za klachi, na gurudumu linakwenda. Hiyo ni kazi ya vizito. Lakini wakati wa kubadilisha gia huku unakwenda, nani anaachia klachi? Mguu. Pedali ya gia ina kazi mbili: mwanzo wa mwendo wake inaisukuma klachi iachie, kisha inaendelea kuisukuma gia. Ukiondoa mguu, klachi inashika tena.

Naomba hapo tutulie kidogo, maana ukilielewa hilo nusu ya maradhi umeshayatibu. Mtoto ambaye mguu wake umelala juu ya pedali muda wote, klachi yake imeachia nusu muda wote. Injini inanguruma, pikipiki haendi, pleti zinaungua, baba anasema gia mbovu. Mtoto anayeigusa pedali kwa ncha ya kidole, kama anayepima maji ya moto, haimalizi safari ya pedali, gia inaingia nusu kisha inajitoa. Na mtoto anayebadilisha gia bila kuachia resi, huyo anaitia gia huku injini inavuta. Itagoma au itaingia kwa kishindo. Muwekeni mtoto juu ya pikipiki, mtazame mguu wake na mkono wake wa kulia kwa dakika tano. Mimi hufanya hivyo kabla sijagusa spana.

Kisha mtazame amevaa nini. Mtoto wa ndara na mtoto wa buti hawawezi kutumia pedali iliyokaa mahali pamoja. Buti nene inataka pedali ipande kidogo ili ncha ipite chini yake. Mguu mdogo mtupu unataka ishuke. Fungua boliti, vuta pedali, isogeze jino moja, rudisha. (Ndara zenyewe, wazee, tusizungumze. Mnyororo na ekzosi havijui kuwa huyo ni mtoto.)

Baada ya mguu ndiyo tunakuja kwenye chuma. Pedali iko upande wa kushoto, na mtoto akianguka kushoto ndiyo inayopiga chini mwanzo. Ikipinda kwa ndani inakwaruza injini au inagonga mahali pa kuwekea mguu, kwa hiyo haipati nafasi ya kumaliza mwendo. Inyooshe ukiwa umeitoa kwenye shafti. Usiinyooshe ikiwa pale pale, maana utaipinda shafti, na shafti ikipinda ndipo pedali inapokwama chini hairudi. Pedali isiyorudi ni moja ya mambo matatu: shafti imepinda, mchanga na udongo umejaa nyuma yake, au springi ya kurudishia imekatika ndani. Anza na kuosha. Wangapi kati yetu tumefungua kava la klachi na kumbe ni mchanga wa pwani ya Vumawimbi uliochanganyika na oili ukawa kama saruji?

Na kuna jambo jengine nimeliona mara nyingi, linaniuma. Fundi anakuta pedali imesagika meno, anaichomelea kwa welding kwenye shafti. Bwana, ukiifanya hivyo kava la kushoto halitoki tena na shafti haitolewi tena mpaka ukate. Umemsaidia mtu wiki moja, umemfunga mwaka.

Sasa jaribio lenyewe, ambalo nataka kila mmoja aondoke nalo. Zima injini. Weka kreti la soda chini ya injini ili gurudumu la nyuma liwe juu. Mmoja azungushe gurudumu kwa mkono, polepole, mwengine abonyeze pedali kwa mkono, gia moja baada ya nyengine, juu na chini. Kuzungusha gurudumu ni lazima. Gia ndani zinashikana kwa meno yanayoingia matunduni, na meno yakikutana uso kwa uso hayaingii hata zikiwa mpya. Ndiyo maana pikipiki ikiwa imesimama kimya unamkuta mtoto anaisigina pedali na haipandi. Isukume mbele na nyuma shibiri moja tu, itaingia.

Gia zote zikiingia vizuri gurudumu likizunguka, sanduku la gia halina kosa kubwa. Ugonjwa uko kwenye klachi, au oili, au mzunguko wa injini, au mguu. Kuna gia inayokataa kila mara, au inayoingia kisha inaponyoka barabarani hata mtu mzima akiipanda? Hapo ndipo tunaanza kufikiri uma wa gia (ule unaozisogeza gia ndani) uliopinda, meno yaliyoviringika, au ule mkono mdogo wenye springi unaoishika gia mahali pake. Na huo mkono, kwa bahati, kwenye injini nyingi hizi unafikiwa upande wa klachi bila kuipasua injini. Uma na meno hapana. Hayo yanataka kupasua kweli.

Klachi ina skrubu ya kurekebisha upande wa kulia wa injini, na nati yake ya kufungia. Kwa Honda na zilizofuata mtindo wake: zima injini, legeza nati, zungusha skrubu kuelekea kulia mzunguko mmoja, kisha irudishe kushoto taratibu mpaka uhisi imeanza kuwa nzito. Simama hapo. Irudishe kulia kidogo, baina ya moja ya nane na robo ya mzunguko, halafu uishike skrubu kwa bisibisi isitembee huku unakaza nati. Klachi isiyoachia sawasawa huzaa kishindo na fri, yaani pale pasipo gia yoyote, isiyopatikana. Iliyoachia kupita kiasi huzaa kule kunguruma bila kwenda. Kama mashine yako si ya ukoo huo, fuata kitabu chake, usifuate mimi.

Kabla ya hiyo skrubu, lakini, sikiliza injini ikiwa haijatiwa resi. Kwenye mashine hizi mzunguko wa kawaida ni kiasi cha 1,500 kwa dakika. Ikiwa mtu ameupandisha ili isizimike, vile vizito havilali kabisa, klachi inashika kidogo muda wote, na ukiitia gia ya kwanza pikipiki inaruka kama mbuzi. Mtoto ataogopa na hatatia gia tena. Kumbe dawa ni kuushusha mzunguko kwa skrubu ya kabureta.

Oili. Klachi hizi zinaogelea ndani ya oili ya injini, ile ile moja. Oili nyingi za magari za siku hizi zimetiwa dawa za kupunguza msuguano, na klachi maisha yake yote ni msuguano. Geuza chupa utazame nyuma: panapoandikwa JASO MA, hiyo inafaa klachi ya aina hii. JASO MB ni ya skuta zisizo na klachi ndani ya oili. Usijaze kupita alama kwa kufikiri unaihurumia. Injini hizi ndogo hazitaki hata lita nzima.

Mnyororo uliolegea sana au uliokazwa kama uzi wa gitaa nao huifanya gia ishtuke. Sitaki kukawia hapo, mnalijua.

*Baada ya mazungumzo, wasikilizaji waliuliza maswali. Mzee mmoja alisema pikipiki ya mjukuu wake haibadilishi gia hata akifanya nini, na kaitaja: Yamaha PW50.*

Babu yangu, hiyo haina gia za kubadilisha. Ina mwendo mmoja tu na inapeleka nguvu kwa shafti. Imepona, mchukulie nyumbani. (*Kicheko.*)

*Mama mmoja aliuliza kwa nini klachi ya mwanawe huungua kila baada ya miezi michache, na oili ni sahihi.*

Anaondoka na gia gani, mama? Gia ya tatu? Hiyo ndiyo. Kwa kuwa hakuna klachi ya mkono, pikipiki haizimiki akisimama ndani ya gia ya tatu, basi mtoto hashughuliki kushuka. Akiondoka, anatia resi nyingi, pleti zinasuguana mpaka mwendo ukamate, tena mchangani. Mfundishe ashushe gia wakati bado gurudumu linazunguka, moja moja, ili akisimama awe keshafika ya kwanza. Na ajue fri yake iko wapi: nyengine iko chini kabisa, nyengine baina ya moja na mbili.

*Kijana mmoja aliuliza: fundi akisema lazima injini ipasuliwe, mwenye pikipiki atajuaje kama ni kweli?*

Mwambie aipandishe kwenye kreti mbele yako, azungushe gurudumu na akuoneshe gia inayokataa. Akikuonesha, mpe kazi. Asipoweza kukuonesha, ondoka nayo. Na mie nifanyieni vivyo hivyo. Ile nyekundu ya kijana wa Ole iko pale nje, wanasema haina gia ya pili. Twendeni. Nani ana spana namba 10?