Pini tano kwenye moyo wa mbuzi: tuone verapamili na amlodipini zinafanyia kazi wapi

Haya, assalam aleikum, karibuni. Tuko Mikindani, barazani kwangu, na anayeshika simu ni mwanangu Somoe. Leo tunatazama verapamili na amlodipini, dawa za presha na moyo, zinafanyia kazi wapi. Vifaa ni moyo wa mbuzi, mkasi, sinia na pini za ushungi: nyekundu tatu, bluu mbili. Wakufunzi, hizi pini zinatosha kabisa, msisubiri vifaa vya maabara.

Moyo ununue asubuhi, na umwambie muuza nyama aiache mirija ya juu. Wengi huikata hapa shingoni ili moyo ukae vizuri kwenye mizani, na wakiikata wameondoka na sehemu tunayoitafuta. Mirija ibaki!

Kuosha mnajua. Minya pande mbili: mgumu ni wa kushoto, laini ni wa kulia. Wa kulia ukuangalie wewe.

Sasa taratibu. Mrija huu wa juu ni vena kava, unaingia kwenye atiria ya kulia, yaani chumba cha juu cha moyo. Penye maungio hapa mkasi usipite. Uingize kwa mrija wa chini, ukate kuelekea ncha ya sikio la atiria, hili linaloning'inia. Somoe, sogea, waone. Mkasi wenyewe hupenda kupanda juu kwa sababu nyama ya huko ni nyembamba. Usiufuate. Wanafunzi karibu wote huharibu hapa, kisha wanatafuta nodi, yaani kifungu kidogo cha seli za umeme wa moyo, ambayo wameshaikata vipande viwili. Kata kwenda kwenye sikio, si juu.

Imefunguka. Nyekundu ya kwanza kwenye maungio yale: nodi ya SA, inayoanzisha kila pigo. Kwa macho huioni, lakini ipo. Ya pili ni nodi ya AV, inayopitisha umeme wa pigo kwenda vyumba vya chini, kando ya tundu dogo lililo juu kidogo ya vali... subiri, damu imeganda, tundu halionekani. Maji kidogo. Dole gumba, polepole. Hilo! Linaingia ncha ya kalamu tu. Choma kati ya tundu na vali. Ya tatu, kwenye nyama nene ya ventrikali ya kushoto, chumba cha chini. Bluu zote mbili kwenye ateri hizi zinazopita juu ya moyo katikati ya mafuta. Hizi zisimame badala ya ateri za mwili mzima.

Sasa kazi yenyewe. Ukutani mwa kila seli ya moyo kuna milango ya kalsiamu. Umeme wa pigo ukifika, inafunguka, kalsiamu kidogo inaingia kutoka nje, na hiyo kidogo ndiyo inayoamsha ghala la ndani ya seli limwage kalsiamu nyingi. Kalsiamu inashika protini iitwayo troponini, nyuzi zinavutana, moyo unakaza. Kisha inarudishwa ghalani na nyingine nje, moyo unalegea. Mwaka 1883, kule London, Sydney Ringer alionyesha kwamba moyo wa chura ukiwekwa kwenye maji yasiyo na kalsiamu unaacha kupiga. Misuli ya mkono haitegemei kalsiamu ya nje namna hii, ndiyo maana mgonjwa akimeza dawa hizi bado analima korosho zake kama kawaida.

Dawa inakaa kwenye milango hiyo, na milango mingi haifunguki. Tazama pini nyekundu. Hapo ndipo penye verapamili na diltiazemu. Kwenye nyama, kalsiamu inapungua na nguvu ya kukaza inapungua. Kwenye nodi mbili kuna zaidi: huko umeme wenyewe hupandishwa na kalsiamu, si sodiamu, kwa hiyo mapigo yanapungua na umeme unachelewa kupita nodi ya AV. Na verapamili hushika zaidi milango inayofunguka mara kwa mara, ndiyo maana inafaa moyo unaokwenda mbio.

Pini za bluu ni za amlodipini na nifedipini. Ukuta wa ateri nao una milango ya kalsiamu, na hizi kwa dozi za kawaida zinapenda ukuta huo kuliko moyo. Ateri inatanuka, presha inashuka. Mimi naipenda amlodipini kwa kufundishia, maana inakaa mwilini muda mrefu na kidonge kimoja kwa siku kinatosha. Miguu ikivimba kwenye vifundo, mwambie daktari, usiache dawa mwenyewe.

Somoe, rudi kwenye nyekundu, karibu kabisa, hapa ndipo ninapotaka mtazame. Verapamili na propranololi, dawa ya presha na moyo ya aina nyingine, kwa mgonjwa mmoja: zote mbili zinabana nodi hizi, na moyo unaweza kwenda polepole mno au umeme ukakwama kabisa. Atenololi, ndugu yake propranololi, vivyo hivyo. Na mwenye moyo uliochoka kusukuma damu asipewe verapamili, kwa sababu inamnyang'anya nguvu ileile iliyobaki. Nasema tena kwa sababu ya vile vidonge vya jirani: "Mimi nina presha, na wewe una presha, nigawie." Usimgawie. Cha kwako cha bluu, chake huenda ni cha nyekundu, na pengine tayari anameza propranololi.

Bango la rangi la pini hizi nalichora mwenyewe na ninaliuza, anayelitaka aniandikie hapo chini. Sasa toa pini kabla ya kuutupa moyo. Zimeingia tano, zitoke tano. Paka wa hapa hawasubiri.