Nukta au Mkwaju: Kuchagua Anwani za Mtandao wa Tovuti Nyingi

Waheshimiwa wahadhiri, ndugu wasimamizi wa tovuti, na wanafunzi wetu wa kompyuta,

Mkitaka Wikipedia ya Kiswahili mnaandika sw.wikipedia.org, mkitaka habari za BBC kwa Kiswahili mnaandika bbc.com/swahili. Taasisi zote mbili zina lugha nyingi chini ya jina moja, lakini moja imeitanguliza lugha mbele ya jina kwa nukta, na nyingine imeifuatisha nyuma kwa mkwaju. Ya kwanza tunaiita kikoa kidogo, ya pili saraka ndogo. Nimeombwa nieleze ipi inakifaa chuo kinachotaka kuendesha tovuti za vitivo, maktaba na vyama vya wanafunzi kwa WordPress moja, yaani nakala moja ya programu hiyo ya kuundia tovuti, nami naona swali la kutangulia si la kompyuta hata kidogo: ni nani watakaoandika katika tovuti hizo, na ni nani atakayewajibika wakiharibu?

Uwezo wa kuendesha tovuti nyingi kwa pamoja uliingizwa katika WordPress toleo la 3.0, mwezi Juni 2010. Ndani ya hifadhidata, aina ya anwani haibadilishi mpangilio: tovuti ya pili hupewa majedwali yake, kama wp_2_posts, ya tatu wp_3_posts, na watumiaji wote hukaa katika jedwali moja la wp_users. Uchaguzi wenyewe hubebwa na mstari mmoja wa faili la wp-config.php, uitwao SUBDOMAIN_INSTALL, ambao huandikwa true au false. Wepesi huo ndio unaowaponza watu, kwa maana kuugeuza mstari huo baada ya miaka miwili hakutoshi. Itabidi pia kurekebisha anwani katika jedwali la wp_blogs, katika mipangilio ya kila tovuti, na ndani ya makala zenyewe, kila palipo na picha au kiungo cha zamani.

Saraka ndogo huvutia kwa kuwa hazidai kitu nje ya seva, na cheti cha usalama kilichopo, kile kinachoiwezesha tovuti kutumia https, kinatosha. Lakini majina hugombana. Katika chuo kimoja nilichowahi kukihudumia, tovuti kuu ilikuwa na ukurasa wa /maktaba wenye saa za kufungua na fomu ya kuombea kadi. Nikaunda tovuti mpya ya maktaba, nikaipa jina lilelile, na mfumo haukulalamika. Kesho yake asubuhi mkutubi akanipigia simu kwamba fomu imepotea. Haikuwa imepotea; ilikuwamo katika hifadhidata, ila anwani yake ilikuwa imetwaliwa na tovuti tupu, yenye ile makala moja ya salamu ambayo WordPress hujiandikia yenyewe. Ni kwa kuhofia migongano ya namna hii kwamba makala za tovuti kuu hupitishwa kwenye /blog.

Vikoa vidogo havina ugomvi huo, lakini vinamhitaji msimamizi wa DNS, mfumo unaoyaelekeza majina ya tovuti kwenye seva zake, aweke rekodi ya kinyota (*), ili jina lolote litakaloandikwa mbele ya jina la chuo lifike kwenye seva yenu. Tangu Machi 2018 shirika la Let's Encrypt hutoa bure vyeti vya kinyota, kwa sharti la kuthibitisha umiliki kupitia DNS, na cheti chao kwa kawaida kimedumu siku 90. Kama kwenu kila badiliko la DNS huombwa kwa barua inayopita madawati matatu, lifikirieni hilo mapema. Tena kinyota hufunika ngazi moja tu: anwani kama sw.m.wikipedia.org ilihitaji kinyota chake chini ya m.

Kuhusu nafasi katika matokeo ya utafutaji ya Google sitakaa sana, kwa sababu wenyewe walisema hadharani mwaka 2017 kwamba njia zote mbili zinawafaa.

Lililo zito ni usalama. Kivinjari huzitambua kurasa kuwa za nyumba moja kwa itifaki (http au https), jina na namba ya mlango wa seva. Kinachofuata mkwaju hakihesabiki. Hati ya JavaScript iliyopenyezwa katika tovuti ya chama cha mpira inaweza basi kusoma kurasa za tovuti ya ada, kwa idhini ya mhasibu aliyeingia humo na ambaye hana habari. Nukta hutenganisha hilo, ingawa si kikamilifu, kwa kuwa kikoa kidogo bado kinaweza kupandikiza vidakuzi, yaani vijifaili vya kumtambulisha mtumiaji, kwenye jina la mzazi, yaani jina kuu la chuo. GitHub, wanaohifadhi misimbo ya programu za watu, walilipima jambo hili, na Aprili 2013 wakazihamisha kurasa za watumiaji wao kutoka github.com kwenda github.io.

Kwa hiyo vitivo na maktaba, ambavyo wahariri wake ni waajiriwa mnaowajua, ningeviacha nyuma ya mkwaju bila wasiwasi. Vyama vya wanafunzi, ambako nywila hurithishwa kila uchaguzi, ningevinunulia jina jingine kabisa. Tangu toleo la 4.5, la Aprili 2016, WordPress huruhusu tovuti yoyote ya mtandao kupewa jina lake kamili bila programu-jalizi ya ziada.